Chuo Msikiguse

Nilitoka Tabora kwa treni iliyochelewa kuondoka nusu siku, nikiwa na begi moja na sanduku la vyombo vya useremala ambalo mkaguzi alitaka kulikatia tiketi kama abiria. Mbele ya Dodoma tulisimama tena kwa sababu maji yalikuwa yamekula udongo chini ya reli. Nilifika Dar es Salaam siku ya tatu, nikakaa wiki tano kwa binamu yangu nikisubiri viza, kisha ndege ikanipeleka Addis Ababa, nikakaa pale saa tisa nikihesabu vigae vya sakafu. Nilipotua Maskati ilikuwa adhuhuri. Mlango wa ndege ulipofunguliwa, joto lilinishika usoni nikadhani linatoka kwenye injini. Dereva aliyekuja kunipokea alikuwa ameandika jina langu vibaya sana kwenye karatasi, hata nikampita mara mbili.

Nilikuwa nimeshazoea kufika mahali nisipojulikana. Tangu nilipomaliza kidato cha nne nimeishi Kigoma, Lubumbashi, Mbeya, Nampula na Mombasa, na kila mji nilioingia niliamini kuwa ni wa mwisho. Useremala hukuruhusu kuhama. Katika kila mji nilikuwa na tabia moja iliyowachekesha wenzangu: siku ya mapumziko nilikwenda kutazama shule kongwe. Shule yangu ya sekondari ilikuwa na varanda ndefu na matao, na miaka minne yote nilipita chini ya matao yale bila kuuliza nani aliyajenga, wala kwa nini moja lilikuwa fupi kuliko mengine. Nilianza kuuliza nilipokuwa mbali, pasipo na wa kunijibu. Basi nikawa nauliza shule za watu wengine.

Maskati niliajiriwa katika karakana moja huko Ghala, kwenye eneo la gereji na mabohari. Nilidhani mtaa umeitwa hivyo kwa sababu ya maghala yake, nikajiona mwerevu, mpaka mwenyeji mmoja akaniambia kwamba jina hilo halina uhusiano wowote na Kiswahili. Ningelikumbuka somo lile mapema, yaliyofuata yasingetokea.

Nilikuwa na miezi minne tu pale karakana ilipopewa kazi ya shule. Ilikuwa nyuma ya mtaa wa Ruwi, chini ya mlima wa mawe usio na hata jani, mwendo wa dakika ishirini kutoka chumba nilichopanga na mafundi wengine watatu. Haikuwa na wanafunzi tena. Ilikuwa mali ya familia moja ya Waomani ambao wazee wao walirudi kutoka Zanzibar, na familia iliamua kubakiza sehemu moja tu, mahali shule ilipoanzia, ipakwe rangi na kuwekwa vitu vya kumbukumbu. Kwingine kote kungevunjwa. Kazi yangu ilikuwa kung'oa milango, madirisha na mbao zote zinazofaa kabla katapila haijaja.

Sijawahi kupewa kazi niliyoipenda kama ile. Mtu akikuachia shule nzima uing'oe mlango mmoja mmoja, inakusimulia. Madarasa manne ya uani yalikuwa ya mawe na jasi. Bawaba za milango yake zilifuliwa kwa mkono, hakuna mbili zilizofanana. Varanda ilikuja baadaye, ya saruji, na aliyeijenga hakuwa na haraka, kwa sababu kila nguzo ilikuwa na ukingo uliochongwa vizuri. Upande wa kaskazini palikuwa na jengo la ghorofa lililosimama juu ya ukumbi wa mawe. Huko juu madirisha yalikuwa ya chuma, na mlangoni palikuwa na ubao wa Kiarabu wenye neno ma'ahad. Nilipokwangua rangi ya milango nikakuta kijivu, chini yake bluu, chini yake kijani, na chini kabisa mbao iliyosuguliwa mafuta. Nilikaa na kile kipande cha mlango mkononi mpaka fundi mwenzangu akaniuliza kama nimepata dhahabu.

Pembeni mwa lango palikuwa na chumba kidogo chenye kuta nene kama za handaki. Hakikuwa na dirisha, ila vitundu vitatu karibu na dari. Ndani mlikuwa na ndoo, mifagio na madawati yaliyovunjika. Lakini nilipoinua macho nikaona boriti, zile za mikoko, nyeusi, zimepangwa karibu karibu. Nilizijua mara moja. Nilizipiga msasa Mombasa mwaka mzima. Zilikuwa zimevuka bahari kabla yangu. Upana wa chumba ulikuwa ule ule wa vyumba vyote vya zamani vya pwani, kwa kuwa boriti ndiyo inayoamua: mti unapoishia, ndipo ukuta unapojengwa.

Nilipaswa kujiuliza chumba kile kilikuwa nini. Nilijiuliza, nikajijibu haraka: stoo ya mlinzi.

Msimamizi wa kazi alikuwa mhandisi kijana, mjukuu wa familia ile. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni: alijua "njoo ule", "funga mlango" na matusi mawili matatu ya bibi zake. Baada ya hapo alihamia Kiarabu, na mimi nikawa nabahatisha. Siku moja alinijia na simu mkononi.

"Fundi, wewe mtu wa Kiswahili," alisema, akichanganya na Kiarabu, nami nasimulia nilivyomwelewa. "Wazee wanagombana shule ilianza wapi. Khalati, mama yangu mkubwa, yeye ndiye anajua, lakini anasema haraka sana. Hebu sikiliza."

Ulikuwa ujumbe wa sauti. Sauti ya mwanamke, ya Kiunguja kabisa, iliyokuwa inakwaruza kidogo kama mtu aliyetoka kulala.

"Mwambie huyo fundi wenu, skuli ilianza chuoni. Sie sote tumeanzia chuoni, hata mama'ko. Mengine yote vunjeni, nnawapa ruhusa. Chuo msikiguse."

"Sasa," akasema mhandisi, "chuo ni nini?"

Nakumbuka jinsi nilivyofurahi kuulizwa. Miezi minne nilikuwa mtu wa kuonyeshwa kwa kidole, na leo mwenye kazi ananiuliza maana ya neno.

"Chuo ni mahali pa masomo ya juu," nikasema. "Mtu akishamaliza sekondari."

"Ma'ahad?"

"Ndiyo hivyo. Ma'ahad kwa Kiswahili ni chuo."

Tukageuka wote wawili kutazama ule ubao wa ghorofani.

"Lakini ile ni saruji, fundi. Mpya."

"Chini yake kuna ukumbi wa mawe," nikamwambia. "Labda walianzia pale, wakapandisha ghorofa juu yake."

"Tayyib," akasema, na akaandika.

Kwa hiyo likawekwa alama ya kubaki jengo la kaskazini, na alama ya kuvunjwa kila kitu kingine. Alhamisi niliteremsha boriti za kile chumba cha langoni ili zikatumike kupamba ukumbi. Niliziandika namba kwa chaki, kuanzia mlangoni, moja mpaka kumi na tisa, kama nilivyofundishwa. Mti ukishatoka ukutani bila namba hutajua tena ulikaa wapi. Mbili zilivunjika mikononi mwangu. Chumba kikabaki wazi, jua likaingia ndani kwa mara ya kwanza, na sikuona kitu ila vumbi.

Ijumaa ilipita. Jumamosi mhandisi aliniomba niende Sib, karibu na uwanja wa ndege, nyumbani kwa huyo mama yake mkubwa, maana mlango wa jikoni ulikuwa unakwama. Yeye mwenyewe alikuwa amekwenda milimani na watoto wake. Katapila ilikuwa ije Jumapili, saa moja asubuhi.

Bi Mkubwa, hivyo ndivyo kila mtu alivyomwita, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki jikoni, magoti yake yamefungwa kitambaa, akimwelekeza dada wa Kiganda aliyefanya kazi pale namna ya kukata vitunguu. Nikamwambia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lakini mimi sikukuzaa, usinambie mama. Nambie Bi Mkubwa kama wenzio." Akaniangalia ninavyoutoa mlango kwenye bawaba. "We ndo fundi wa skuli yetu?"

"Ndiye mimi."

"Basi wafanya kazi kwa baba yangu. Baba ndo aloianzisha. Tulipokuja huku watoto hatujui Kiarabu, tunajua sura mbili tatu tu za Kurani na Kiswahili. Watoto wa mtaani wanatucheka. Baba akatukusanya, akatusomesha kwa Kiswahili, herufi moja moja. Mimi nimesoma chuo miaka miwili, halafu ndo n'kapelekwa skuli."

Nilikuwa napiga randa ukingo wa mlango. Nikamuuliza ilikuwaje mtu atoke chuo ndipo apelekwe skuli, maana kwetu mtu hutoka shule ndipo aende chuo.

"Kwenu wapi huko?"

"Tabora, Bi Mkubwa."

"Aa, bara!" Alimgeukia yule dada. "Umesikia? Huko mambo yao yote nyuma mbele."

"Hata sisi Kampala ni vile vile," akasema dada, bila kuinua macho kutoka kwenye vitunguu.

"Mtajijua wenyewe. Mie siku n'liyotoka chuo, meno haya mawili ya mbele hayapo. Kibogoyo! Baba ananambia sema sin, ile herufi, nnasema thin. Sema sin! Thin! Darasa zima linakufa kwa kicheko. Mpaka leo ndugu zangu wananiita Thin."

Randa ikasimama mkononi mwangu.

"Bi Mkubwa, ulikuwa na miaka mingapi?"

"Sita. Saba. Kwani mtoto hupelekwa chuo na miaka mingapi?"

"Chuo hicho mlisoma nini?"

"We mtu wewe! Chuoni husomwa nini? Kurani! Nyie huko pa kusomea Kurani mwapaitaje?"

"Madrasa."

"Na chuo?"

"Chuo ni cha watu wazima," nikasema. "Chuo cha ualimu. Chuo cha ufundi. Mtu akishamaliza sekondari."

"Yaani watu na ndevu zao?"

"Ndiyo."

Dada aliacha kukata. Bi Mkubwa hakucheka tena. Aliweka mikono yake yote miwili juu ya magoti.

"Chuo changu mmekifanya nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia juu ya ubao wa ma'ahad, na juu ya boriti nilizoteremsha, na juu ya katapila ya kesho. Sikuficha kwamba mtafsiri nilikuwa mimi. Akasema taratibu, kama mtu anayeeleza njia:

"Baba hana picha. Hakutaka kupigwa, alikuwa mkali kwa hayo. Hana hata moja. Kile chumba ndo kilichobaki."

Nikampigia mhandisi. Nyuma yake nilisikia watoto na maji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta pumzi.

"Fundi, wazee wameshakubaliana, na mimi nimeshasaini. Niwaambie nini? Khalati amesema? Mara ya kwanza pia khalati alisema. Wewe ukanambia maana yake."

Nikamwambia kwamba safari hii maana yake ninaijua.

"Nipe kitu cha kuonyesha," akasema. "Kitu cha macho. Nikikipata leo, nasimamisha. Si maneno tena, khalas."

Nilipomweleza Bi Mkubwa, alishaanza kujikokota kutoka kwenye kiti.

"Kuna matuta," alisema. "Sakafuni. Lilikuwa ghala la tende kabla baba hajapewa. Walikuwa wanapanga magunia ya tende juu ya matuta, asali inachuruzika kwenye mifereji mpaka kwenye mtungi. Sie tukikaa pale juu ya mkeka mwembamba. Ukiinuka una mistari, kama umechapwa! Na sisimizi, usiseme. Baba anasoma, sie tunajikuna."

"Sakafu ya sasa ni saruji, Bi Mkubwa. Sawa kama meza."

"Basi ivunje. We si fundi?"

Tukaenda wote watatu kwa teksi, na njia nzima Bi Mkubwa alimlaumu dereva kwa kuchagua barabara ambayo yeye mwenyewe alikuwa amemchagulia. Alikuwa hajafika pale miaka mingi, kwa ajili ya magoti. Alipoona kile chumba hakina paa alisimama langoni, akashika ukuta.

"Kumbe ni kidogo hivi," alisema.

Tulimwekea kiti kizingitini. Dada alisimama nyuma yake na mwavuli, maana jua la alasiri lilikuwa bado kali. Nikachukua tindo na nyundo, nikaanzia katikati. Saruji ilikuwa ngumu kuliko nilivyotegemea. Nilipasua kipande cha ukubwa wa sahani, nikakuta kifusi. Nikachimba kifusi, nikakuta jasi, tambarare.

"Hakuna tuta," nikasema.

"Hapo alikuwa akikaa baba," akasema Bi Mkubwa. "Palisawazishwa apate kuweka kiti chake. Njoo ukutani. Wasichana tukikaa ukutani."

Nikahamia ukutani. Kwanza kikatoka kipande kidogo, halafu kikubwa. Chini yake nikahisi ncha ya tindo inateleza, inapanda, inashuka. Nikaacha nyundo, nikafagia kwa mikono. Tuta la kwanza lilikuwa la duara juu, laini kama kigoti cha mtoto. Pembeni yake mfereji, upana wa vidole vitatu. Kisha tuta la pili. Nilichimba mpaka yakafika matano, na mfereji mmoja niliufuata kwa kidole mpaka nikagusa mdomo wa mtungi uliozikwa kwenye kona, umejaa mchanga.

"Dada, hebu nishike," akasema Bi Mkubwa. Akainama kadiri magoti yalivyomruhusu, akaweka kiganja chake juu ya matuta. "Haya. Piga picha yako."

Nilipiga picha nane, nikamtumia mhandisi. Mkono wake umo katika sita. Mhandisi alijibu kabla hatujatoka langoni, kwa Kiarabu, ujumbe mrefu. Bi Mkubwa aliusoma, akanirudishia simu.

"Amesema nini?"

"Amesema katapila ianzie kwenye hayo ma'ahad yenu," akasema. "Na amesema wewe usitafsiri tena."

Katapila ilianzia kaskazini. Nilisimama nikitazama ghorofa ikianguka, na sina budi kukiri kwamba iliniuma kidogo. Pale juu palikuwa na ngazi ya mbao niliyoipenda. Kisha nikatumia wiki saba kukirudishia chumba cha langoni paa lake. Boriti kumi na saba zilirudi kila moja kwenye tundu lake, kwa zile namba za chaki. Badala ya mbili zilizovunjika tuliweka miti mingine kutoka nyumba iliyobomoka Ruwi, na niliipaka mafuta ifanane. Bi Mkubwa aliingia, akatazama juu, akanyoosha fimbo: "Ile, na ile. Wageni." Alipatia zote mbili.

Saruji niliitoa yote, nikaiacha wazi ile sehemu tambarare ya jasi katikati, ambayo nilipigwa marufuku hata kuifagia kwa nguvu.

Mkataba wangu ulipokwisha karakana ilitaka niongeze miaka miwili. Nilikataa. Nilikuwa nimepasua sakafu ya shule ya watu wengine kutafuta jibu, na ya kwangu ilikuwa na tao fupi ambalo sijawahi kuliuliza lolote. Wazee waliosoma pale kabla yangu walikuwa hai bado, na mimi nilikuwa nazunguka mbali.

Siku niliyoondoka moja kwa moja ilikuwa Jumamosi. Nilipitia pale asubuhi na begi langu na sanduku langu. Milango ilikuwa wazi. Bi Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti katikati, pale pale, na mbele yake wajukuu wa ndugu zake kama tisa hivi wamekaa juu ya matuta, mkeka mwembamba chini yao, wananung'unika kwa Kiarabu. Mmoja aliinuka kujitazama nyuma ya mapaja, akapiga kelele kwa furaha, na wengine wote wakainuka kujitazama.

"Kaa," Bi Mkubwa akaniambia.

"Nina ndege, Bi Mkubwa."

"Ndege iko Sib, haikimbii. Kaa hapo kwa wasichana."

Nikakaa. Tuta moja liliingia chini ya paja la kulia, jingine mahali pasipo na adabu kupataja. Watoto walinitazama. Yeye akainua kidole.

"Fundi. Hapa ni wapi?"

"Chuoni, Bi Mkubwa."

"Sema sin."

"Sin."

"Vizuri, una meno." Akageukia watoto, akarudia kwa Kiarabu, wakacheka. Tukakaa hivyo labda robo saa, herufi baada ya herufi, mpaka dereva wa teksi alipopiga honi. Nilipoinuka nilijikuta nashikilia ukuta kama yeye.

"Ukifika kwenu wakikuuliza ulikuwa unafanya nini huku," akasema, "waambie umesoma chuo Maskati."

Nimewaambia. Tabora nzima wananipongeza, na binamu yangu wa Dar es Salaam anataka kujua nilichukua shahada ya nini.